Njia ya mtaa wenu ilimezwa na ukuta wa nani? Tupeane uzoefu

Mwana Kadutu
Mvua ya juzi ndiyo imeniletea hasira hii. Kinjia chetu, pale pikipiki ilikuwa inapita na mzigo wake, sasa mama mwenye beseni la ndizi kichwani anapita ubavu. Wa kwanza alisogeza ukuta apate pa kuweka choo. Wa pili akasema, kama yule kasogeza, mimi nimekosa nini? Wa tatu kamwaga ngazi za simenti katikati kabisa. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja, akatazama, akapewa kiti, akanywa chai, akaenda zake. Wenzangu wa hapa Bukavu, wa Ibanda na Bagira, hata nyinyi wa Goma, kwenu ilikuwaje? Kuna aliyewahi kuirudisha njia?

Mama Neema
Yetu ilikufa baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Kuta zilianguka, na ziliposimamishwa tena hakuna hata mmoja uliorudi mahali pake. Zote zilipiga hatua mbele.

Dodo wa Funu
Ile njo Bukavu yenyewe.

Fundi Matofali
Mimi najenga, niwaambie inavyofanyika. Hakuna mteja anayekwambia "nijengee njiani". Kwanza anaweka uzio wa matete, na matete hayamtishi mtu. Watu wanauzoea, watoto wanaanika nguo juu yake. Msimu ukipita, anakuita uje na matofali, na matofali unayapanga upande wa NJE wa matete. Yale matete yanabaki ndani, anayang'oa taratibu, anapikia maharage. Ukimuuliza, anasema ukuta umefuata uzio wa zamani.

Bahati K.
Mmenikumbusha usiku ambao sipendi kuukumbuka. Shemeji yangu, mke wa kaka, alishikwa na uchungu saa nane za usiku na mvua inamwagika. Teksi haifiki kwetu, hilo tulilijua, kwa hiyo kipoyi kilikuwa tayari: kiti cha plastiki, miti miwili, kamba. Tukashuka na njia ya chini, ile tunayopita tangu tuhamie. Kufika, tunakuta geti la chuma na kufuli. Jana yake halikuwepo!

Kupanda kuzungukia juu ni ngazi za udongo, mvua ikinyesha hata mbuzi hazipandi. Shemeji anasema tu, "Msiniangushe, msiniangushe." Tukagonga geti kwa mawe. Mwenyewe akatoka na tochi, akasema ufunguo anao mwanawe, na mwanawe amelala kwa rafiki huko Nyawera. Ikabaki njia moja: tuingie mlango wake wa nyuma, tukate saloni, tutokee mbele. Akafikiri. Jamani, mtu huyu alisimama AKAFIKIRI, mvua inampiga mwanamke kichwani. Halafu akasema: "Piteni, lakini vueni viatu, mama ametandika kapeti mpya."

Tukavua. Wanaume wanne, tope mpaka magotini, tumevua viatu na tope tumebaki nalo. Tukapita saloni ya watu na mwanamke analia juu ya kiti, mti mmoja wa kipoyi ukanasa pazia la dirisha tukatoka nalo hadi uani. Mtoto alizaliwa ndani ya teksi. Mungu ni mwema, wote wazima.

Dodo wa Funu
Subiri. VIATU?

Mama Neema
Mimi nimebaki kwenye kapeti. Na mke wake alikuwa wapi wakati mnapita?

Bahati K.
Amesimama mlangoni kwa chumba, ameshika kitambaa cha kupangusa.

Papa Wilondja
Mnamcheka, lakini alifungua. Kuna wengine wangejifanya wamelala.

Dodo wa Funu
Papa, kwa heshima yako yote, alifungua nini? Alifunga njia ya watu kisha akatoa msaada wa kuwapitisha kwake! Tumshukuru?

Ukuta Halali
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi niko Kadutu na ukuta wangu umesimama kwenye hicho mnachoita njia. Nilinunua, nililipa, fishe, ile karatasi ya kiwanja, ninayo yenye saini na muhuri. Kama Leta, serikali yenyewe, haikuchora barabara, kosa ni langu? Nilale wapi na watoto sita?

Mwanasheria wa Bure
Saini ya nani, mukubwa? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia tu. Anayetia saini cheti ni konservateri wa hati za ardhi. Shefu wa kartie hana mkono hapo. Tena kwa sheria ya 2008 komine, yaani manispaa, ndiyo yenye nafsi yake kisheria, kartie haina.

Ukuta Halali
Sheria hiyo hiyo inasema cheti kikipita miaka miwili hakiguswi. Malizia kusoma.

Mwanasheria wa Bure
Cheti, ndiyo. Wewe umesema fishe. Cheti unacho?

Ukuta Halali
Kiko njiani.

Mama Neema
Pamoja na ukuta.

Kaka wa Birere
Huku Goma lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilifunika alama zote katikati ya mji. Watu walirudi wakapima kwa kumbukumbu: "jiko langu lilikuwa hapa, avokado ilikuwa pale." Mwenye kumbukumbu nzuri alipata mita kadhaa za ziada.

Mtoto wa Kamalondo
Lubumbashi mji wa 1910, avenyu zimenyooka, hatuna shida hizo.

Kaka wa Birere
Peleka hiyo hadithi Annexe, pembeni ya mji wenu huo huo, halafu urudi.

Mzee wa Nyamugo
Kwetu uliwaka moto. Gari la kuzima lilisimama juu barabarani, taa zinazunguka, halina pa kupita. Tuliuzima kwa ndoo, na kwa kuivunja nyumba ya mbao iliyokuwa katikati ili usivuke. Tuliyemvunjia mpaka leo hatusalimii, na simlaumu.

Fundi Matofali
Ushauri: pitisheni bomba la maji ya wote katikati ya njia. Hakuna anayejenga juu ya maji ya watu.

Dodo wa Funu
Kwetu walijenga juu ya bomba.

Papa Wilondja
Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura ya washauri wa komine. Mwandikieni mliyemchagua.

Mama Neema
Wetu tulimwita aje ajionee. Alisema gari lake haliwezi kuingia. Ndilo tulilomwitia!

Binti Bagira
Sisi tuliirudisha, si yote. Bagira nyumba zilipangwa safu safu enzi za Wabelgiji, kwa hiyo wazee wanajua njia zilipokuwa. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, vijana walikata mti mrefu kama upana wa njia ya zamani, wawili wakaubeba umelala kukingama njia, mtaa mzima nyuma yao. Mti ukigonga ukuta, mtu anapiga alama ya makaa, tunasonga. Hakuna kutukana, hilo tulikubaliana kabla. Wawili walivunja wenyewe wiki ile ile, maana alama ya makaa kila mtoto anaisoma. Mmoja alikataa katakata, mwisho akakubali kukata kona tu. Tuliandika karatasi, wote wakatia saini, ikapigwa muhuri komine.

Ukuta Halali
Na aliyekata kona alilipwa?

Binti Bagira
Simenti mifuko miwili, tulichanga. Alitaka mitano.

Mwanasheria wa Bure
Msivunje wenyewe bila karatasi, mtalala ndani.

Dodo wa Funu
Mkingoja karatasi mtazeeka. Vunjeni.

Mwana Kadutu
Hatuvunji chochote. Mti tunao, salongo ni Jumamosi.

Ukuta Halali
Saa ngapi, na mnaanzia upande gani?

Mwana Kadutu
Saa moja asubuhi, juu kwenye bomba. Njoo na jembe, na hiyo fishe.