Kwa nini pengo la matajiri na maskini Marekani ni kubwa hivi?

Swali: Ndugu zangu, inakuwaje katika nchi tajiri kama Marekani mtu afanye kazi kutwa nzima na bado ashindwe kulipa pango? Naomba mnieleze chanzo chake hasa.

Jibu la kwanza: Anza na mishahara, ndugu. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapandishwa tangu 2009. Mhudumu wa mgahawa anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri wake dola 2.13 tu, kiwango cha tangu 1991, na sehemu iliyobaki ya ujira wake ikategemea ukarimu wa wateja. Majimbo mengi hulipa zaidi. Lakini jimbo la Mississippi halina hata sheria yake ya kima cha chini.

Jibu la pili: Nakubali, ila msisahau kodi. Katikati ya miaka ya 1950 sehemu ya juu kabisa ya kipato ilitozwa asilimia 91. Kufikia 1988, chini ya Rais Reagan, kiwango hicho kilikuwa asilimia 28.

Jibu la tatu: Linaloniuma ni watoto, kwa sababu umaskini wao unaweza kupunguzwa na ushahidi upo. Mwaka 2021 wazazi waliongezewa nafuu ya kodi, hadi dola 300 kwa mwezi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 6, na umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2. Bunge halikuuendeleza mpango huo. Mwaka uliofuata umaskini huo ukapanda hadi asilimia 12.4.