Ubingwa wa pikapu za NASCAR umeamuliwa kwa kugongana: huu ni mchezo au gulio la vyuma chakavu?

Wakuu, nimekaa na hili tangu Ijumaa usiku nikijiambia litapoa. Halijapoa. Na baada ya kusoma adhabu NASCAR waliyotoa wiki hii ndiyo limechemka kabisa, kwa hiyo uzi huu hapa, mwenye kunitukana anitukane.

Naishi huku Arizona na nilikuwepo uwanjani, Phoenix Raceway, kule Avondale. Mbio za kufunga msimu wa 2023 wa malori ya Craftsman, moja ya ligi za NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani. Kwa wasioyajua: yanaitwa malori ila usiwaze fuso. Ni pikapu, tena pikapu jina tu. Bodi ya pikapu kama Silverado, F-150 au Tundra imevishwa juu ya fremu ya mashindano, ndani V8, na kule nyuma pamezibwa, huweki hata gunia la mkaa. Wanazunguka njia ya maili moja wakikata kushoto tu. Mke wangu huniuliza kila mara utamu wake uko wapi. Upo, ila Ijumaa hata mimi niliutafuta sikuuona.

Msimu huo wa 2023 ulikuwa na mbio 23. Zilipoisha 22 walibaki madereva wanne wa kugombea ubingwa, na ambaye angemaliza mbele ya wenzake watatu siku ya mwisho ndiye angekuwa bingwa. Ya nyuma yote yalifutwa. Corey Heim ndiye aliyeongoza msimu wa kawaida, yaani mbio za kabla ya mchujo, tena mbio za Gateway hakuendesha kabisa kwa kuumwa, na bado akawaacha. Carson Hocevar ameshinda mara nne. Grant Enfinger mara tatu. Ben Rhodes mara moja, Charlotte, mwezi wa tano. Wote wakaanzia sifuri. Sawa, ndiyo ilikuwa kanuni, na kila aliyeingia aliijua. Mwaka 2019 dereva Matt Crafton alibeba ubingwa bila kushinda mbio hata moja na hakuvunja sheria yoyote. Hapo sina neno.

Neno langu liko kwenye uendeshaji. Mbio zilipangwa mizunguko 150. Zikielekea ukingoni, Hocevar akajitosa kwa ndani pasipo na nafasi, akamgusa Heim, na Heim akazunguka kama pia. Mwaka mzima wa kazi, sekunde mbili. Unaweza kusema papara za kijana, yanatokea. Haya, Heim naye karudi njiani na gari bovu, hana tena cha kugombea, kazi yake ikawa moja tu: kumsubiri. Akamngoja, akamsukumia ukutani mizunguko ikiwa imebaki michache kabisa. Bendera ya njano, yaani hatari, wote mwendo wa pole. Wawili waliokuwa na kasi kuliko wote msimu huu wameuana wenyewe, na hao wengine thelathini na kitu wanaoendesha kwa adabu wanasubiri watu wafagie vyuma.

Hapo sasa ndipo sarakasi ikaanza. Sheria ya muda wa nyongeza inasema mbio haziishi chini ya bendera ya njano: mnapangwa upya wawili wawili, mizunguko miwili, mkigongana kabla anayeongoza hajaona bendera nyeupe ya mzunguko wa mwisho, mnarudia. Mnarudia mara ngapi? Hakuna kikomo. Ijumaa walirudia mara nne. Mizunguko 150 ikawa 179! Na mingi ya hiyo 29 ni kutembea polepole nyuma ya gari la usalama huku sisi tukila vumbi la mpira. Nasema kweli, nilitoa vipande vyeusi vya tairi ndani ya kikombe cha soda.

Wanaojua Phoenix wanajua kwamba tangu uwanja ulipokarabatiwa mwaka 2018 mstari wa kuanzia uko karibu na pale njia inapopinda kidogo. Bendera ya kijani ikishuka tu, kundi zima linaacha njia na kukata mkato kule ndani, watatu, wanne, hadi watano sambamba, wote wakitaka kona moja. Mara ya kwanza unasimama na kupiga kelele. Mara ya pili unashika kichwa. Mara ya tatu jirani yangu, mzee mmoja wa Bukavu ambaye mimi ndiye niliyemshawishi aje, alichomoa viziba masikio vyake akanigeukia: "Mdogo yangu, hii ni muchezo ao ni vita?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, tulia kidogo, sasa hivi wanamaliza." Hawakumaliza. Shikamoo yenyewe niliitoa kwa aibu, maana tulisalimiana tangu mchana.

Matokeo: Christian Eckes ameshinda mbio, na wala hakuwa kati ya wale wanne. Rhodes katokea wa 5, Enfinger wa 6. Nafasi moja, ubingwa kaenda nao Rhodes, wa pili baada ya ule wa 2021. Sina ugomvi naye, kafika mwisho akiwa mzima. Lakini mniambie Enfinger alikosea nini.

Na uchungu zaidi ni kwamba mashindano haya yalizaliwa hapo hapo Phoenix, Februari 1995, Mike Skinner akimshinda Terry Labonte kwa kasi hadi kwenye mstari. Enzi zile walikuwa na mapumziko ya katikati kama mpira wa miguu. Hata hii sheria ya kurudia ilianzia kwa malori, magari ya Cup, ngazi ya juu kabisa ya NASCAR, yaliipata mwaka 2004. Lengo lilikuwa mtazamaji aliyelipa aone mwisho wa kweli. Leo mtazamaji aliyelipa anaona gereji ya kunyoosha bodi.

Sasa adhabu. Heim kakatwa pointi 25 na faini ya dola 12,500. Pointi za msimu gani, wakuu? Msimu umeisha! Ni sawa na kumpa mchezaji kadi nyekundu akiwa bafuni. Walikuwa na redio, walikuwa na kamera kila kona, walimwona Heim anamvizia mwenzake. Kumwita piti, kule wanakohudumia magari, na kumwambia azime gari kungechukua dakika moja, na mbio zingeishia kwenye 150.

Najua wapo watakaokuja na "ndiyo ladha yake, kama hutaki kugongana angalia tenisi". Naangalia haya malori kwa sababu najua kupita kwa kubana mstari wa ndani kunavyohitaji roho. Kumpiga mwenzako bampa la nyuma hata dereva wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni anaweza, na yeye ana abiria.

Mzee nimemwalika tena mwakani. Amesema atakuja nikilipa mimi, na nimletee viziba masikio vipya.