Kurekodi dramu nyumbani: maiki mbili, pakiti ya maiki saba, au dramu za umeme?

Kijiti_Kimoja:
Wakuu, salaam. Nina dramu seti ya vipande vitano, yaani kiki (ngoma kubwa ya kanyagio), snea (ngoma ya mbele yenye mlio mkali) na tomu tatu (ngoma za kawaida zisizo na mlio huo), pamoja na hai-hati (matoazi pacha yanayofungwa kwa mguu) na matoazi mawili. Nimeipiga miaka mingi, ila kila nilichowahi kurekodi ni kwa simu, na simu inasikia kitu kimoja tu: toazi. Kiki haipo kabisa, snea ni kama mtu anagonga sufuria chumba cha pili. Sasa nataka kurekodi kwa maana. Chumba ni cha kulala, dari iko chini, kompyuta ninayo.

Nimezunguka sana na nimebakiwa na njia nne. Ya kwanza ni kadi ya sauti (kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta) yenye matundu mawili na kondensa mbili (maiki zinazosikia kwa wepesi ila zinahitaji umeme). Ya pili ni pakiti ya maiki saba za dramu, zile zinazokuja kwenye sanduku lake, na kadi ya matundu manane. Ya tatu ni kuuza seti nichukue dramu za umeme, niunge kwa USB, mambo yaishe. Ya nne, mtu kaniambia rekoda ya mkononi inatosha. Nisaidieni kuchagua, na mnipe sababu, si jina la kifaa tu.

FundiWaya:
Mkuu, umeanza na maiki, mimi ningeanza kuhesabu matundu. Maiki unaongeza moja moja kadiri unavyopata. Kadi ikiwa na matundu mawili, basi ni mawili, na siku ukitaka kuongeza maiki ya kiki unanunua kadi upya.

Scarlett 2i2 ina matundu mawili ya maiki. Behringer UMC404HD ina manne. UMC1820 na Scarlett 18i20 zina manane. Hapo kwenye namba ndipo wengi wanapoteleza: mtu anaona "18" kwenye jina anadhani atachomeka maiki 18. Zenye kikuza sauti cha maiki ni nane tu, zilizobaki ni za laini (za kuchomeka vifaa visivyo maiki) na za dijitali. Scarlett 18i8 ya kizazi cha tatu nayo ina 18 kwenye jina, na za maiki ni nne. Ila hiyo ina tundu la ADAT nyuma, yaani mlango wa dijitali wa kuongezea njia. Baadaye ukiliunganisha na kikuza sauti cha maiki kama ADA8200 unapata njia nane za ziada, mradi urekodi kwa kasi ya sampuli ya kilohezi 44.1 au 48. UMC404HD haina mlango huo.

Kwa mtu anayeanza nasema manne. Maiki mbili juu, moja ya kiki, moja ya snea. Ukikosa pesa ya maiki zote nne leo, acha matundu mawili yakae wazi, hayaozi.

Tena usije ukauziwa miksa kwa sababu tu ina USB. Mimi nilinunua moja ya njia 12, nikapanga maiki sita, nikarekodi jioni nzima kwa raha zangu. Nikafungua kompyuta: njia mbili tu, kushoto na kulia, kila kitu kimeshachanganywa humo. Tomu moja ilikuwa juu mno na hakuna pa kuishusha. Miksa nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Uliza neno moja kabla ya kutoa pesa: kila njia inaingia kompyuta peke yake, au zinaingia zimechanganywa?

Mama_Toazi:
Njia ya pili niliipita mimi, na bado nina sanduku lenyewe chini ya kitanda. Maiki saba: moja ya kiki, moja ya snea, tatu za tomu, kondensa mbili za juu. Siku ya kwanza nilijiona nimefika. Kusikiliza sasa! Tomu nazipiga labda mara nne kwenye wimbo mzima, na dakika zote zilizobaki maiki zake tatu zinasikiliza matoazi tu. Toazi hilohilo linaingia kwenye maiki saba, kila moja kwa wakati wake, likifika kwenye spika linasikika kama liko kwenye bomba.

Nilichoishia kufanya ni kuzizima za tomu nikabaki na nne. Kwa hiyo ningeyajua mapema, pesa ya maiki zile tatu ningeiweka kwenye kondensa za juu zilizo bora zaidi, maana hizo ndizo zinazobeba seti nzima. Hizo nyingine ni za kuongezea chumvi.

Kijiti_Kimoja:
Dada, asante, umeniokoa. Lakini mbili za juu nazo nikiziweka vibaya si nitarudi kulekule?

Kamba:
Utarudi, ndiyo. Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Ziko njia mbili maarufu. Moja inaitwa kwa jina la Glyn Johns, fundi wa Uingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka 1969: maiki moja juu ya seti, nyingine pembeni ya tomu ya sakafuni ikitazama upande wa hai-hati, zote mbili umbali sawa na snea. Nzuri sana, ila inapendeza zaidi chumba kikiwa na nafasi. Kwa dari ya chini mimi natumia ile inayoitwa Recorderman, maiki zinakaa karibu zaidi.

Fanya hivi. Chukua vijiti viwili, viunganishe kwa urefu, simamisha ncha katikati ya snea. Ncha ya juu inapofikia ndipo inapokaa maiki ya kwanza, ikitazama snea moja kwa moja. Kijiti cha kawaida kina kama sentimita 40, kwa hiyo ni sentimita 80 hivi. Maiki ya pili ipite juu ya bega lako la kulia, nayo urefu wa vijiti viwili kutoka katikati ya snea.

Hapo snea imekaa sawa, bado kiki. Tafuta kamba. Ncha moja mtu aikanyage kwenye kanyagio ya kiki, pale kirungu kinapogonga ngozi. Ncha ya pili ibandike kwa utepe katikati ya snea. Vuta kamba mpaka kwenye maiki ya kwanza, ikaze, bana kwa vidole pale inapogusa maiki. Umepata pembetatu. Bila kuachia vidole, peleka kamba ileile kwenye maiki ya pili. Ikilegea au isipofika, sogeza maiki, usisogeze vidole. Itakuchukua dakika kumi na utatukana kidogo.

Kwa nini usumbuke? Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde. Maiki zikitofautiana sentimita 17 tu, snea inafika kwenye moja nusu milisekunde baada ya nyingine, na ukizichanganya, mawimbi ya karibu na hezi 1,000 yanakutana moja linapanda lingine linashuka. Yanafutana. Ndiyo maana watu wanalalamika snea yao imekonda wakati maiki ni nzuri.

Besi_Nzito:
Naongezea: ukifika kuchanganya, tafuta kitufe chenye alama ya sifuri iliyokatwa mstari kwenye njia ya kiki, hicho hupindua wimbi juu chini. Kibonyeze, sikiliza, kiachie, sikiliza. Upande wenye besi nene zaidi ndio wa kubaki nao.

Umeme_Tu:
Naona dramu za umeme zimesahaulika, ngoja nizitetee. Nazipiga usiku watu wamelala. Waya mmoja wa USB, na kinachoingia kompyuta ni MIDI, yaani maelezo ya kipi kimepigwa, lini na kwa nguvu gani. Snea usipoipenda wiki ijayo unaibadilisha, mapigo ni yaleyale. Kupiga kabla ya wakati? Unasogeza pigo kwa kipanya. Nani anayeweza hivyo kwa ngozi na mbao?

Nitasema na ubaya wake. Hai-hati ndiyo inayokatisha tamaa, zile hali za katikati ya kufunga na kufungua hazitoki zote, na ukipenda kupiga kwa brashi, kwa seti nyingi sahau. Chukua yenye ngozi za neti, za mpira zinachosha kifundo cha mkono. Na anayekaa ghorofa ya chini bado atasikia kanyagio ikidunda sakafuni. Ukisikiliza sauti za programu ya kompyuta, weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) ndogo: sampuli 128 kwa kilohezi 44.1 ni kama milisekunde tatu za bafa, unapiga bila kuhisi kuburuzwa.

Ila usiuze seti yako. Hilo nimelifanya, najuta.

NgoziMbili:
Wote mnaongea maiki, hakuna aliyemuuliza ngozi za snea yake zina umri gani. Ngozi ikishachakaa katikati, hata maiki ya studio itarekodi ngozi iliyochakaa. Badilisha ya juu, kaza skrubu kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka. Gonga karibu na kila skrubu kwa ncha ya kijiti, sauti zilingane. Weka mto ndani ya kiki, uguse ngozi ya kupigia kidogo tu.

Halafu tia mafuta kanyagio na kiti. Nina rekodi moja nzuri kabisa ambayo kila pigo la kiki lina "kwii" yake. Masikio hayakuisikia wakati napiga. Maiki ilisikia.

Kamba:
Na chumba! Dari ya chini inarudisha sauti ya matoazi kwenye maiki papo hapo. Ning'iniza blanketi zito juu ya seti, libaki na nafasi kidogo kati yake na dari, na godoro lisimame ukutani nyuma yako. Trei za mayai achia mayai. Blanketi litapunguza mwangwi wa ndani, halitamsaidia jirani hata kidogo.

Chumba kikiwa kizuri, mbili zinatosha kabisa. Albamu ya nne ya haohao Led Zeppelin, ya 1971, ina wimbo ambao dramu za John Bonham zilichukuliwa kwa maiki mbili za Beyerdynamic M160 zilizoning'inizwa kwenye ngazi za jumba la Headley Grange. Sisi hatuna ngazi hizo, ndiyo maana tunaning'iniza mablanketi.

Fanani_Mgeni:
Rekoda ya mkononi msiidharau, lakini iangalie aina. Zoom H6 ina matundu manne ya XLR (ya waya wa maiki wenye pini tatu) na inafanya kazi kama kadi ya sauti pia. Ukiwa unarekodi mazoezi ya bendi hapa na pale, hiyo inashinda kadi ya mezani. Kama seti yako haihami, basi kadi.

Kijiti_Kimoja:
Naelekea kwenye matundu manne. Maiki ya kiki sasa: nina SM57 ya kuazima, itafaa?

FundiWaya:
Hiyo iweke kwenye snea, ndiko ilikojengea heshima tangu 1965. Kwenye kiki inatoa kile kipigo cha kirungu, lakini chini kunakosa uzito. Kiki inataka maiki yake, kama AKG D112, Shure Beta 52A au Audix D6. Kondensa zako zinahitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Usiogope kama kitufe cha volti hizo kinawasha matundu yote, SM57 haidhuriki kwa waya mzima wa XLR.

Kupima sauti: piga kwa nguvu zilezile utakazopigia wimbo. Kila mtu hupiga kwa adabu akipima, halafu wimbo ukianza taa nyekundu zinawaka. Rekodi kwa biti 24, vilele viishie kwenye desibeli -12 hivi, na sauti ya kondensa ikipasuka hata gaini (kiwango cha kukuza sauti kwenye kadi) ikiwa chini kabisa, tafuta swichi ya kupunguza kwenye maiki yenyewe. Programu, jaribu Reaper, siku 60 za majaribio zinatosha kujua kama unaipenda.

Kijiti_Kimoja:
Narudi na taarifa. Nimechukua kadi ya matundu manne, kondensa mbili za jozi, D112, na SM57 bado ya watu. Kabla ya kamba nilipanga kwa macho, nikarekodi. Kisha nikapima kwa kamba ya kiatu: maiki ya begani ilikuwa mbali zaidi kwa vidole vinne. Nikaisogeza, nikarekodi mapigo yaleyale. Snea imehamia katikati, na sasa ina tumbo. Sikutegemea vidole vinne viwe na maana hiyo.

Kilichobaki ni hai-hati. Iko juu ya kila kitu, hata nikiihamisha SM57 iipe mgongo. Nibadilishe maiki gani?

Mama_Toazi:
Hakuna maiki ya hilo, kaka. Huo ni mkono wako wa kulia. Unaipiga ukingoni kwa shingo ya kijiti, sivyo? Piga juu yake kwa ncha, mkono upumzike, kisha rekodi tena kabla hujagusa stendi yoyote.

Kijiti_Kimoja:
Ukingoni kwa shingo, ndiyo. Umenionaje?