Wauza mbegu Tabora mjini, hiki kijiko mtakiacha lini?

Wakuu leo nimekereka, acha nitoe ya moyoni. Sisi wenye vibustani nyuma ya nyumba tunaonekana mabwege. Unaingia duka la pembejeo unataka mbegu ya vitunguu, matuta mawili matatu ya kula na familia, jamaa anavuta kopo lililofunguliwa sijui tangu lini, anachota na kijiko cha chai, anafunga kwenye kinailoni, lete hela. Ukiuliza inaisha muda lini anakujibu "mzigo mpya huo bosi, umeingia juzi". Juzi ipi wakati lebo imeshabanduka na kopo linashinda mlangoni na jua letu hili la saa nane?

Tena vitunguu! Nyanya ukiitunza pakavu inavumilia hata miaka kadhaa, ila kitunguu mwaka mmoja tu hivi kinaanza kuchoka, sasa ndo kipigwe joto na kufunuliwafunuliwa kila mteja akija, kitaota nini? Nimesia kitalu, nimetandaza nyasi, namwagilia asubuhi na jioni maji ya kununua kwa dumu, vimetokeza vijiti vya kuhesabu kwengine kweupe. Kurudi dukani naambiwa eti udongo wangu mbaya. Udongo huohuo mchicha umejaa mpaka tunagawia majirani!

Na huyo jamaa huna pa kumshikia, maana pakiti iliyofungwa ina jina la aina, namba ya loti, asilimia ya uotaji, tarehe, na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kinailoni kina nini? Fundo.

Afu kuna hawa wa nyanya. Anakuuzia chotara F1, yaani kizazi cha kwanza cha kuchanganya aina mbili, bei ya moto, na mdomo huohuo anakwambia "mama chukua, msimu ujao unakamua mbegu mwenyewe". F1 ukikamua, zitakazoota zinatoka mchanganyiko, huu hivi ule vile. Anayetaka kukamua mbegu zake achukue Tanya au Tengeru 97, hizo sio chotara. Sasa muuzaji hajui au anajua anakausha tu?

Msije na ule ushauri wa "nunua kopo zima". La nini, nina shamba? Pakiti ndogo za kampuni zipo ila wengi hawazileti, hela iko kwenye kijiko. Na kujaribu mbegu sio kazi ya maabara jamani, unahesabu mia moja unazikunja kwenye kitambaa kibichi, siku kumi hivi unahesabu zilizochipua, hiyo ndo asilimia yako. Mwenye duka anashindwa nini kufanya hivyo kabla hajatuuzia?

Mwenye kujua duka lenye mbegu ya vitunguu aina ya Red Creole pakiti ndogo iliyofungwa, iwe Isevya, Cheyo au Ng'ambo, ataje mtaa nifate. Msiniambie niagize Dar.

Na wewe wa kijiko kama unapita humu, jumatatu nakuja na hicho kinailoni, hela yangu iandae.