Kimbunga kikivunja boti iliyotia nanga, mzigo ni wa nani?

Wadau tujadili hili bila jazba. Tangu kimbunga Hidaya kipige kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 nasikia watu wakisema mvuvi aliyevunjikiwa chombo kikiwa kimeegeshwa kajitakia, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) walitangaza mapema, hata boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa, sasa yeye alikuwa anangoja nini. Wanataka bima iwe lazima, asiye nayo asipewe leseni.

Mimi napinga. Tangazo linamwambia mvuvi asiende baharini, sawa, linaokoa roho za watu, ila chombo akiweke wapi halisemi. Madiko yetu mengi, yaani sehemu za kushushia samaki, ni ufukwe mtupu, hakuna ukuta wa kuzuia mawimbi wala pa kupandishia. Mmeshaona mashua inavyopandishwa? Magogo chini, kamba, wanaume kibao wanavuta, tena mpaka maji yajae, na siku ya kimbunga kila mwenye chombo anawataka watu walewale saa ileile. Basi unafungua mashine unaibeba begani mpaka nyumbani, unaongeza nanga, moja omo (mbele) moja tezi (nyuma), unaomba Mungu. Upepo ukigeuka nanga inaburura, chombo cha jirani kinakuja juu ya chako vinagongana usiku kucha, au kamba inalika pale inaposugua mbao mpaka inakatika.

Na msiniambie huku vimbunga havifiki. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangamiza meli za Sultan Barghash zikiwa zimetia nanga bandarini Unguja, na tarehe hiyohiyo mwaka 1952 kingine kikapiga Lindi. Meli za sultani hazikupona, mwenye ngalawa afanyeje?

Bima siikatai kabisa, lakini kumlazimisha mtu kabla hana pa kulaza chombo ni kumtoza kwa uzembe wa wengine. Kilwa Masoko kuna mradi wa bandari ya uvuvi, nafurahi sana, ila mtu wa Jibondo, kisiwa kidogo karibu na Mafia, hawezi kukimbilia huko upepo ukishaanza. Kila diko kubwa liwe na mteremko wa zege na winchi ya kuvutia vyombo, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe) wasimamie, hela itoke kwenye ushuru wa samaki unaokusanywa palepale.

Anayesema mvuvi abebe hasara yake anijibu kwanza hili, jioni ya tarehe 3 Mei, tangazo limeshatoka, mtu wa Jibondo ungemwambia mashua yake aipeleke wapi?