Kamera inanasa migomba, kicheche anapita

Mfuga_Kienyeji:
Wakuu, habari za humu. Nina banda la kuku nyuma ya nyumba, na tangu mwezi uliopita kicheche kashanilia mitetea minne. Nikafunga kamera ya infraredi kwenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), nikaandika kaprogramu ka Python kwa OpenCV, maktaba ya kuchakata picha: optical flow ya Farnebäck, yaani hesabu ya kila pikseli imesogea kiasi gani toka fremu moja hadi nyingine, picha ya pikseli 320 kwa 240, fremu 10 kwa sekunde. Pikseli za kutosha zikisogea zaidi ya pikseli 1.5 kwa fremu, simu inalia.

Shida ni migomba ya jirani. Juzi upepo ulivuma, simu ikalia mpaka mke wangu akaifukia chini ya mto. Asubuhi mtetea hayupo. Nimepandisha kiwango hadi 4: majani bado yanapita, kicheche anayenyata kule mwisho wa uzio ndiye hapiti.

jicho_la_tatu:
Ziba migomba kwa maski nyeusi, programu isiitazame sehemu hiyo ya picha, umemaliza.

Mfuga_Kienyeji:
Anapitia chini ya migomba hiyo hiyo, mkuu.

Bi_Vekta:
Achana na kasi. Jani la mgomba lina kasi kumshinda kicheche, ila haliendi popote, linakwenda, linarudi. Tazama sekunde tatu, siyo fremu mbili. Na usijumlishe vekta (mishale ya mwendo) kwenye pikseli ileile, maana mnyama hapo anapita mara moja tu na kutoweka.

Pale Farnebäck anapoonyesha mwendo, chagua nukta zenye kona kwa njia ya Shi na Tomasi, uzifuate kwa Lucas-Kanade, njia ya kufuata nukta moja moja, kwa fremu 30. Kisha pima umbali wa mstari mnyoofu toka nukta ilipoanzia hadi ilipoishia, ugawe kwa urefu wa njia yote iliyopita. Jani laweza kuzunguka pikseli 80 likaishia 5 tu toka lilipoanzia. Kicheche akitembea 40 atakuwa kafika kama 35. Anza kukata kwenye 0.6, chini ya hapo simu isilie, urekebishe ukiwa hapo hapo bandani. Ongeza nukta mpya kila fremu 10, la sivyo atakayeingia katikati hutamwona.

Mfuga_Kienyeji:
Dada, usiku wa nne leo. Jana upepo ulikuwa mkali na simu kimya! Imelia mara mbili tu: paka wa jirani, halafu bodaboda aliyekata kona taa ikamulika uzio mzima.

Bi_Vekta:
Ya taa haikwepeki. Hesabu hizi zinachukulia kwamba nukta ikihama, inahama na mwanga wake. Taa ikipita, mwanga unahama peke yake na programu inadhani ni kitu. Piga wastani wa mwanga wa fremu nzima. Ukiruka ghafla, tupa fremu hizo uanze nukta upya. Ya paka sina dawa.

Mfuga_Kienyeji:
Paka aachwe, anakula panya wa pumba. Kicheche bado hajarudi. Namsubiri.