Mdhihaki mnamwita mtani, muulizaji mnamwita mbezaji. Tabia hii ikome!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu wa kawaida, kazi yangu ni kuandika muhtasari wa vikao. Kikao kilichopita, mjumbe mmoja mwenye kigugumizi alisimama kusoma taarifa yake. Alipofika kwenye neno "mahudhurio" likamkwama: ma, ma, ma. Aliyekaa nyuma akadakia kwa sauti ileile, "Ma-ma-mama yako kakuzuia?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule bwana hakumaliza taarifa. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akakaa. Mpaka tunafunga kikao hakufungua mdomo tena.

Nikaandika kilichotokea: "Mjumbe alimdhihaki mwenzake." Rasimu ikapita kwa viongozi, ikarudi na wino mwekundu. "Alimdhihaki" limekatwa, juu yake pameandikwa "alimtania". Nauliza kulikoni, naambiwa yule ni mcheshi wetu, kila mtu anamjua, na neno langu ni kali mno.

Kali? Tendo lenyewe lilikuwa laini?

Utani una masharti yake na kila aliyekulia kwenye Kiswahili anayajua. Watani ni wawili, na kila mmoja ana haki ya kumrudishia mwenzake. Babu anamtania mjukuu, mjukuu naye anamwambia babu hana meno, hakuna anayenuna. Simba na Yanga wanaitwa watani wa jadi kwa sababu leo wanachekwa hawa, kesho zamu ya wale. Hata msibani mtani anaachiwa afanye vituko vyake, maana pande zote mbili zinaujua mchezo. Sasa niambieni, mwenye kigugumizi angerudisha nini pale, na kwa ulimi upi? Palikuwa na mmoja anayecheka na mmoja anayechekwa, basi. Huyo wa kwanza jina lake ni mdhihaki.

Na "mcheshi" ndiyo kabisa halimfai! Mcheshi anawachekesha watu. Mdhihaki anamfanya mtu mwingine kuwa kichekesho. Dhihaka tumeitoa kwenye Kiarabu, na huko shina lake ni kucheka tu, kicheko chochote. Sisi hatukulitumia kwa kicheko chochote. Mtoto akicheka kwa furaha hakuna anayesema anadhihaki. Tumelibakiza kwa kicheko kinachomshusha mtu, ndiyo maana kitenzi chake hakikai peke yake: lazima kuwe na anayedhihakiwa. Unaweza kuchekesha ukumbi bila kumgusa mtu. Kudhihaki bila mtu au kitu cha kukidhihaki hakuwezekani.

Lugha yetu haina uhaba hapa, jamani. Anayekuambia "leo umependeza kweli" akijua nguo imekuchanikia mgongoni, huyo anakukejeli. Anayekusifu usoni ili uvimbe kichwa wenzake wacheke, anakusanifu, na ndiyo sababu watu husema "usinisanifu bwana". Anayekuzungusha kama mjinga hadi ugundue mwisho, kakuchezea shere. Anayebeza hahitaji hata kucheka, anapinda mdomo tu na kazi yako inakuwa si kitu. Kuna kukebehi, kuna stihizai ambayo siku hizi naisikia zaidi kwa wazee na kwenye mashairi. Maneno yote haya yapo, bado mtu anakimbilia "alitania".

Neno linalovuruga zaidi ni mzaha. Kwenye mazungumzo ya kila siku mzaha ni masihara, hauna ubaya. Lakini Zaburi ya 1 katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inamsifu mtu ambaye hakuketi "barazani pa wenye mizaha", na hao si wachekeshaji hata kidogo. Ni watu wa dharau, wanaofanya haki na wenye haki kuwa kitu cha kuchekwa. Waraka wa Pili wa Petro, tafsiri hiyohiyo, unawataja waziwazi: "watu wenye kudhihaki". Nimeshamsikia mtu akisoma Zaburi ile na kuwaambia vijana kwamba kuchekesha ni dhambi! Upande wa pili kuna wanaoona mzaha ni neno jepesi, basi wanalifunika nalo kila uovu: "ah, ulikuwa mzaha tu." Kamusi nazo zinachangia, zinapoeleza dhihaka kuwa ni mzaha kisha zinamwacha msomaji hapo. Wahenga waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha walijua kuna mahali mzaha unavuka mpaka. Ukishavuka una jina lingine, litumieni!

Bado sijafika kwenye kilichonichoma zaidi.

Kwenye muhtasari uleule, mama mmoja aliomba kuona stakabadhi za matumizi. Aliomba kwa adabu, alianza na "samahani mwenyekiti". Niliandika "aliuliza". Wino mwekundu umeandika "alibeza kazi ya kamati".

Mnaona? Aliyemnyamazisha mgonjwa wa ulimi ametania. Aliyetaka kujua fedha zimekwenda wapi amebeza. Neno kali limeondolewa kwa aliyestahili, likabandikwa kwa asiyehusika. Na si kwenye kikundi chetu tu, hebu sikilizeni jinsi neno "wabezaji" linavyotumika siku hizi: ukiuliza, wewe ni mbezaji, ukikosoa, wewe ni mbezaji. Mkosoaji anaonyesha kosa ili lirekebishwe, na akijibiwa anatulia. Mdhihaki hata ukijirekebisha atatafuta kingine cha kucheka, kwa sababu shabaha yake ni wewe.

Nimekataa kusaini. Karatasi iko mezani kwangu hapa, na nimeambiwa nina kiburi. Yule bwana wa taarifa nimempigia simu mara mbili, anasema hatakuja kikao kijacho, ana shughuli.

Walimu wa Kiswahili na wenye kamusi nzuri mliomo humu, nisaidieni kwa hoja. Kuna sentensi yoyote halali ambamo "alimdhihaki" inaweza kubadilishwa kuwa "alimtania" na maana ikabaki palepale? Kama ipo, iwekeni hapa niione. Kama haipo, semeni hivyo bila kuzunguka, nitauchapa uzi huu na majibu yenu niuweke mbele ya kamati kabla hawajapitisha ule muhtasari.